Malori yenye kidhibiti mwendo: maswali ambayo madereva wa Nairobi huuliza kila mara

Maswali haya yanarudi kila wiki kwenye yadi za Industrial Area, kwenye foleni ya mizani ya Mlolongo, na kwenye simu zinazopigwa saa nane usiku kutoka Mtito Andei. Mengi ni ya madereva, mengine ni ya matajiri wao, na machache ni ya utingo anayejiandaa kushika usukani. Yameanzia kwenye misingi hadi yale ya pembeni. Jibu likiwa tayari limetolewa kwingine, utaelekezwa kwa nambari.

## Misingi

1. Kidhibiti mwendo ni nini hasa?

Ni kifaa kinachoizuia injini kusukuma gari kupita mwendo uliowekwa. Kwa magari ya biashara hapa Kenya mwendo huo ni kilomita 80 kwa saa. Barabarani wengi hukiita spidi gavana.

Kina sehemu tatu. Kuna sensa inayosoma mwendo, mara nyingi ikiwa kwenye gia boksi pale shafti inapotokea. Kuna kisanduku cha elektroniki kinachopiga hesabu, ambacho kwa kawaida hufichwa chini ya dashibodi. Halafu kuna sehemu inayokata. Kwenye malori ya zamani yenye pampu ya kawaida, sehemu hiyo hubana mafuta au hulegeza waya wa akselereta. Kwenye malori ya sasa, kisanduku hukaa kati ya pedali na kompyuta ya injini na kuiambia kompyuta kwamba mguu wako umepungua, hata kama umekanyaga hadi kwenye sakafu.

Kumbuka ni injini tu inayodhibitiwa. Kidhibiti hakigusi breki, hakishiki magurudumu, na hakina habari kama nyuma kuna kontena tupu au tani 28 za saruji. Nusu ya maswali yaliyo hapa chini yanatokana na kusahau jambo hilo, hasa swali la 6.

2. Ni magari gani yanayolazimika kuwa nacho?

Magari ya uchukuzi wa abiria kama matatu na mabasi, pamoja na magari ya biashara ambayo uzito wake mtupu unazidi kilo 3,048. Nambari hiyo inashangaza mpaka ujue kwamba ni tani tatu za kale za Kiingereza zilizogeuzwa kuwa kilo.

Kwa trela na lori la magurudumu kumi hakuna mjadala. Utata uko kwa Canter na ndugu zake. Bodi ya mbao, bodi ya chuma na bodi ya friji hazilingani uzito, kwa hiyo magari mawili ya modeli moja yanaweza kuangukia pande mbili za sheria. Soma uzito mtupu kwenye logbuku. Kama bodi ilibadilishwa baada ya gari kusajiliwa, lipeleke likapimwe upya. Neno la aliyekuuzia halitakusaidia mbele ya afisa.

3. Sheria yenyewe ilitoka wapi?

Ilitoka kwa John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Kanuni zilichapishwa 2003 na zikaanza kufanya kazi Februari 2004. Watu wengi wanazikumbuka kwa sababu ya matatu: mikanda, mstari wa njano, sare za dereva na kondakta. Malori yalikuwamo tangu siku ya kwanza, ila hayakupigiwa kelele.

Baadaye NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, iliundwa kwa sheria ya 2012 na kukabidhiwa usimamizi, nalo Shirika la Viwango, KEBS, likaweka kiwango cha kifaa chenyewe kiitwacho KS 2295. Kiwango hicho kilipoboreshwa 2018, kifaa kilitakiwa si kuzuia tu bali pia kurekodi mwendo na kutuma taarifa. Ndiyo maana kile kisanduku ulichofungiwa miaka mingi iliyopita huenda kinakata vizuri kabisa na bado kikaanguka kwenye ukaguzi.

## Barabarani

4. Nikifungiwa 80, si nina ruhusa ya kwenda 80 kila mahali?

Huna, na hapa ndipo madereva waangalifu wanapoumia. Themanini ni kikomo cha barabara kuu iliyo wazi. Ukiingia mjini au kwenye kituo cha biashara kikomo ni 50, na kidhibiti hakijui kama uko Emali sokoni au uko nyika tupu ya Tsavo. Kitakuachia upite mbele ya lango la shule kwa 80 bila kunung'unika.

Sasa piga hesabu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinasema hivi: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 unaonywa, 6 hadi 10, shilingi 500, 11 hadi 15, shilingi 3,000, 16 hadi 20, shilingi 10,000. Lori linalopita Emali kwa 80 limezidisha kwa 30. Jedwali halifiki huko, ni kortini moja kwa moja. Na dereva atasimama akijitetea kwamba kidhibiti chake ni kizima, jambo ambalo ni kweli na halina msaada wowote.

5. Je, kidhibiti ndicho kinachofanya lori likose nguvu mlimani?

Hapana. Trela lililobeba halifiki 80 likipanda kutoka Gitaru kwenda Rironi, kwa hiyo pale kifaa hakina kazi ya kufanya. Lori likikosa nguvu ukiwa kwenye 30 au 40, angalia filta ya dizeli, bomba za tabo, na hewa inayovuja. Ila kama tatizo lilianza siku ileile kifaa kilipofungwa, rudi kwa fundi aliyekifunga: waya wa pedali uliounganishwa vibaya unaweza kuifanya kompyuta ipunguze nguvu kwa mwendo wowote.

6. Mbona nikishuka Mai Mahiu sindano inapita 80 na kidhibiti kipo?

Kwa sababu wakati huo kinachokusukuma si injini, ni mzigo. Kidhibiti kimeshafunga mafuta zamani, kimemaliza kazi yake, na sasa kinatazama tu. Lori la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56 katika Afrika Mashariki. Uzito huo ukishaanza kuteremka unazuiwa na vitu viwili tu: gia na breki. Hakuna kisanduku chini ya dashibodi kitakachokushikia.

Hapa ndipo tabia ya kushuka na nyutro inapoua. Dereva anatoa gia, anaachilia, anasema anaokoa dizeli. Kwa injini za kisasa hata hesabu hiyo ni ya uongo. Ukishuka na gia ndani huku mguu umeutoa kwenye pedali, kompyuta inafunga mafuta kabisa, maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inalazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Kwa hiyo kwenye mteremko ambao utashika breki hata hivyo, umetumia mafuta zaidi, umepoteza nguvu ya injini ya kukuzuia, na kazi yote umeitupia breki za magurudumu. Breki hizo zikishika moto hupoteza mshiko. Utasikia pedali iko palepale, hewa ipo kwenye geji, na lori halipungui.

Kanuni ya wazee bado ni mwanzo mzuri: mteremko ushuke kwa gia ileile ambayo ungeupandia, au ya chini zaidi kwa lori la kisasa, na uichague kabla hujaanza kushuka. Ukishafika katikati na mwendo umepanda, gia ya chini inaweza kukataa kuingia, na hapo ndipo watu hubaki na nyutro bila kutaka. Washa mapema breki ya eksozi au ritada, zile breki za ziada zinazopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu. Breki ya mguu ikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo ushuke vya kutosha, kisha iachilie ipoe. Kuiegemea kidogo kidogo kutoka juu hadi chini ndiko kunakoipika.

Kwa wanaoelekea magharibi, mahali pa kukumbuka haya yote ni kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa mnaporudi, na makutano ya Londiani. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo pale Londiani liliwagonga watu kando ya barabara na zaidi ya 50 wakafa. Tajiri akikwambia lori lake ni salama kwa kuwa lina kidhibiti, muulize kwanza kuhusu breki.

7. Kupita lori lingine kunachukua muda gani nikiwa nimefungwa 80?

Muda mrefu kuliko unavyohisi ukiwa kwenye usukani. Tuseme wewe uko 80 na aliye mbele yuko 75, na kila lori lina urefu wa mita 17 hivi. Unaanza kutoka ukiwa mita 20 nyuma yake, na unarudi ukiwa umemwacha mita 20. Jumla ni mita 74 za kumpita. Tofauti yenu ya kilomita 5 kwa saa ni mita 1.4 hivi kwa sekunde. Utakaa upande usio wako karibu sekunde 53.

Kwa sekunde hizo 53 utakuwa umekwenda karibu kilomita 1.2. Gari dogo linalokuja kwa 100 litakuwa limekwenda karibu kilomita 1.5. Kwa hiyo unahitaji kuona barabara tupu kwa kilomita 2.7 hivi. Kati ya Sultan Hamud na Voi, sehemu za kuona umbali huo zipo, lakini si pale ambapo madereva wengi hujaribu.

Zamani, ukiona umekosea hesabu, uliongeza mafuta ukamaliza. Sasa hakuna cha kuongeza. Malalamiko haya ni ya haki kabisa, na hata Ulaya yapo: Wajerumani wana jina la utani, mbio za ndovu, kwa malori mawili yaliyofungwa mwendo mmoja yanayopitana kwa dakika nzima. Dawa ni moja: kama tofauti ni kilomita 5, usitoke. Na wewe unayepitwa, ukiona mwenzako ameshafika ubavuni, toa mguu kidogo. Kilomita 5 ulizopunguza zinakata muda wake nusu. Ni heshima ndogo tu ya barabarani na haigharimu hata kikombe cha chai.

8. Mabasi na matatu yananisukuma nyuma kwa honi na mataa. Nifanye nini?

Kaa kwenye mwendo wako na kushoto kwako. Nao wanatakiwa wawe na kidhibiti kilekile cha 80. Usimwashie indiketa kumwambia "pita", maana akigongana uso kwa uso, wewe ndiye uliyemwita.

## Muda, pesa na tajiri

9. Kwa kweli napoteza saa ngapi Nairobi hadi Mombasa?

Safari ni kama kilomita 480. Kwa 80 bila kusimama ni saa 6. Kwa 90 bila kusimama ni saa 5 na dakika 20. Dakika 40 basi, na hizo ni za kwenye karatasi, kwa sababu hakuna lori linalokwenda mwendo mmoja kutoka Mlolongo hadi Mariakani.

Chukua hesabu iliyo karibu na ukweli: nusu ya safari, kilomita 240, ndiyo wazi kiasi kwamba ungeweza kwenda 90. Umeokoa dakika 20. Foleni moja ya mizani inazimeza. Kungoja geti lifunguliwe kwenye bohari ya Embakasi kunazimeza mara kadhaa. Madereva wanaosema kidhibiti kimewaongezea safari siku nzima huwa wanahesabu pia saa za kungoja karatasi bandarini.

10. Nalipwa kwa tripu. Si napunguziwa mapato?

Ukilipwa kwa tripu, ndiyo, kila kinachokuchelewesha kinakugusa mfukoni, na anayekuambia vinginevyo analipwa mshahara wa mwezi. Lakini rudi kwenye swali la 9: kinachokuchelewesha zaidi ni kungoja, na kungoja hakulipwi. Dereva akikaa siku mbili nje ya bohari lori likiwa limebeba, hakuna anayemwandikia hata shilingi, kisha anatarajiwa azifidie siku hizo kwa kukanyaga.

Kwa hiyo mkizungumza na tajiri kuhusu malipo, msiombe kidhibiti kilegezwe. Ombeni posho ya kungoja baada ya saa fulani. Iandikwe, iwe kwa kila siku, na tripu ihesabiwe kuanzia geti la kupakia hadi geti la kushusha. Hilo ni jambo linaloweza kujadiliwa. Themanini haijadiliki.

11. Mafuta je? Kuna kinachookolewa?

Kipo, na ni kikubwa. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 90, hewa inakusukuma nyuma kwa asilimia 27 zaidi, kutoka 80 hadi 100, asilimia 56. Trela lenye kontena ni ukuta unaosukumwa hewani, kwa hiyo linalihisi hilo kuliko gari dogo. Ukibaki 80, matairi nayo hupata joto pungufu na kudumu zaidi.

Shida ni kwamba akiba hiyo inaingia kwa tajiri wakati dakika zinatoka kwa dereva. Kampuni zinazogawana na dereva dizeli iliyobaki hazina ugomvi mwingi wa kuchomoa waya. Nyingine hushangaa kwa nini dizeli inanyonywa kutoka tangi pale Mlolongo.

12. Tajiri ananitaka Mombasa alfajiri na nimetoka Nairobi saa nne usiku. Kwa 80 haiwezekani. Je?

Basi kilicho na kasoro ni ratiba. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 7. Kwa mwendo halali, bila mizani, bila chai, bila kusimama kukagua matairi, labda. Kwa safari halisi, sivyo. Zaidi ya hapo, sheria ya trafiki inaweka kikomo cha saa 8 za usukani ndani ya saa 24, na tangu asubuhi ulikuwa kwenye foleni ya kupakia, hukulala.

Mwambie mapema, si ukiwa Voi. Na mwambie kwa maandishi: "Nimepakia saa tatu usiku, natoka saa nne, nitafika saa tatu asubuhi." Akijibu kwa sauti kwenye WhatsApp kwamba ufike alfajiri "vyovyote vile", usiifute. Siku ya ajali, au siku ya kesi ya kazi, sauti hiyo itasema mengi kuliko wewe.

13. Ameniambia nichomoe waya, la sivyo nirudishe funguo. Nina haki gani?

Kukataa kuvunja sheria si utovu wa nidhamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kukuachisha kazi, na akusikilize kwanza, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama ukitaka. Hilo halimaanishi hatakufukuza. Linamaanisha akikufukuza una pa kwenda: ofisi ya leba, kisha mahakama ya ajira.

Kusema kweli, madereva wengi hawaendi, kwa sababu wanajua yadi zinapigiana simu. Tunachoweza kukuambia ni kwamba wewe ndiye mwenye leseni ya daraja CE. Jina lako ndilo litakaloandikwa kwenye taarifa ya polisi, si la aliyetoa amri akiwa kitandani.

## Ukaguzi, polisi na mafundi

14. Nani anaruhusiwa kukifunga, na cheti kinadumu muda gani?

Mfungaji aliyeidhinishwa na NTSA, akitumia kifaa kilichopita viwango vya KEBS. Fundi wa kando ya barabara anaweza kuwa stadi kuliko wote hao, lakini hana cheti cha kukupa. Baada ya kufungwa na kupimwa, viungio hutiwa lakiri na unapewa cheti chenye nambari ya gari na ya kifaa. Kinahuishwa kila mwaka, na ndicho utakachoulizwa ukipeleka lori kwenye ukaguzi pale Likoni Road.

Kabla hujatoka kwa mfungaji, linganisha nambari zilizo kwenye cheti na zilizo kwenye kisanduku, herufi kwa herufi. Nambari moja iliyokosewa inatosha kukurudisha mwisho wa foleni.

15. Watu huchezea vipi vifaa hivi, na hugunduliwaje?

Hatutatoa somo. Itoshe kusema kwamba mbinu zote zinaishia kwenye kuificha sensa au kukikatia kisanduku umeme, na zote zinaacha alama: lakiri iliyokatwa, waya uliochunwa, au shimo kwenye kumbukumbu. Shimo hilo ndilo linalowashtaki wengi. Kifaa kinaonyesha lori lilisimama Kibwezi saa sita usiku, halafu saa kumi liko Maungu, na kati yake hakuna mwendo wowote. Lori haliruki.

16. Faini inalipwa na nani, mimi au tajiri?

Kosa la mwendo humfuata aliyeshika usukani. Gari la biashara kukosa kidhibiti kinachotakiwa ni shilingi 10,000 kwenye jedwali lile la 2016, na kwa akili ya kawaida hilo ni deni la mwenye gari, kwa kuwa si dereva anayenunua vifaa. Barabarani, hata hivyo, anayesimamishwa ni dereva.

Tajiri akitaka kukata faini hiyo kwenye mshahara, Sheria ya Ajira ina orodha ya makato yanayoruhusiwa, na jumla ya makato haipaswi kupita theluthi mbili ya mshahara. Ni vigumu kuipachika faini ya kifaa ambacho yeye hakununua mahali popote kwenye orodha hiyo. Ukiwa umekichomoa mwenyewe, mambo ni tofauti.

17. Kamera imenisoma 86 na kidhibiti changu ni kizima. Inawezekanaje?

Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni mteremko. Tazama swali la 6.

Ya pili ni matairi. Kidhibiti hakipimi barabara, kinahesabu mizunguko. Kama kilipimwa lori likiwa na matairi ya 295/80R22.5 kisha ukafunga 315/80R22.5, gurudumu limekuwa kubwa kwa asilimia 3 hivi. Kifaa kikisoma 80, wewe kweli uko 82 na nusu. Ongeza tofauti ndogo kama kilipimwa na matairi yaliyokwisha, na uko 84 au 85 huku dashibodi ikikuapia kwamba ni 80. Mteremko mdogo tu wa Sultan Hamud unamalizia kazi.

Kwa hiyo ukibadilisha saizi ya matairi, pima upya. Na kabla ya safari ndefu linganisha kifaa na mwendo unaoonyeshwa na simu yako kwa GPS ukiwa kwenye barabara tambarare. Utingo ashike simu, si wewe.

18. Kimekufa nikiwa njiani. Niliache lori hapo?

Sheria haikupi siku za neema. Simama mahali salama, piga picha ya kisanduku na taa zake, mpigie tajiri na mfungaji, na uandike saa. Wakati mwingine ni fyuzi tu. Mfungaji akisema uendelee hadi kituo chake cha karibu, aseme kwa ujumbe, si kwa mdomo. Halafu endesha kama kifaa kipo. Ukisimamishwa, mwonyeshe afisa ujumbe huo kabla hajauliza. Hakuna hakikisho kwamba hutapigwa faini, lakini dereva anayejieleza kwa ushahidi hatazamwi sawa na aliyekutwa na waya mkononi.

## Maswali ya pembeni

19. Tajiri amenunua lori kutoka Uingereza. Tayari lina kikomo chake cha kiwandani. Kinatosha?

Hakitoshi. Malori mazito ya Ulaya, Uingereza ikiwamo, huwekwa 90. Ya kwetu ni 80, na ya kwetu inataka kifaa kinachorekodi na chenye cheti cha hapa. Kumwambia fundi wa kompyuta aishushe 90 hadi 80 kutafanya lori liende mwendo halali, lakini hakutakupa cheti. Waambie wafungaji mapema kwamba lori lina kikomo cha ndani, kwa sababu mifumo miwili isipopatanishwa inaweza kugombania pedali na kukuwashia taa ya injini.

20. Nchi nyingine zinafanyaje? Au ni sisi tu tunaoonewa?

Si sisi tu, na 80 yetu iko upande wa chini. Ulaya ni 90, Australia ni 100 kwa malori mazito, na majimbo ya Ontario na Quebec kule Kanada ni 105 tangu 2009. Japani wana 90 kwa malori makubwa. Marekani ilipendekeza mwaka 2016 kuyafunga malori mazito mapya, ikabishaniwa kwa miaka mingi, na mwaka 2025 pendekezo likaondolewa. Hoja kubwa ya madereva wa kule ilikuwa kwamba lori likienda polepole sana kuliko magari madogo linageuka kizuizi. Hoja hiyo ina uzito kwenye barabara zao kuu za njia mbili au zaidi kila upande. Kwenye barabara yetu ya Mombasa, ambayo sehemu kubwa ina njia moja kila upande, punda, na bodaboda zisizo na taa, sijaona wa kunishawishi.

Ukivuka kwenda Tanzania, malori mazito nako ni 80 na maeneo ya makazi ni 50, kwa hiyo mguu wako hautaona mabadiliko.

21. Nikipata ajali, kumbukumbu za kidhibiti zinaweza kutumiwa dhidi yangu?

Zinaweza, na zinaweza kukuokoa vilevile. Shahidi aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara atasema lori "lilikuwa linapaa". Kumbukumbu zikionyesha 62, maneno yake yana jambo la kujibu. Ndiyo maana baada ya ajali usiruhusu mtu akiguse kisanduku, wala fundi wa tajiri aje "kukichukua kisipotee". Omba polisi wanaochukua maelezo waandike kwamba kifaa kilikuwepo, nambari yake, na kwamba lakiri ilikuwa nzima, kisha piga picha ya lakiri hiyo kabla lori halijavutwa kupelekwa kituoni.